Mjomba ananiuzia RAV4, lakini kwenye buti kuna dumu la maji

Fundi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Newala, nina duka la mitumba na madaftari. Siku za gulio nazunguka na mzigo, leo Tandahimba, kesho Kitangari, na gari za kukodi zinanimaliza. Msimu huu korosho zetu zimeuzwa vizuri mnadani, hela imeingia benki, nikasema ninunue gari yangu kabla haijayeyukia kwenye michango ya harusi.

Mjomba wangu, kaka wa mama wa tumbo moja, yuko Mtwara mjini. Aliposikia akasema, "Usihangaike na madalali, chukua RAV4 yangu." Ni ile ya zamani ya milango mitano, namba C. Kwa mtu baki anasema asingeshuka chini ya milioni 10, mimi ananipa kwa 8.

Jumamosi nilishuka kwenda kuiona. Nilifika saa nne asubuhi, nikaikuta inaunguruma uani, imeoshwa mpaka injini. Tukaenda nayo Naliendele na dereva wake na kurudi, mshale wa joto uko katikati, hautikisiki. Tulipofika sokoni tukasimama kumsubiri mke wa mjomba anunue samaki, injini inawaka na kiyoyozi kinapuliza. Hapo ndipo nikaona mshale unapanda pole pole, ukapita katikati, ukakaribia alama nyekundu. Dereva akazima kiyoyozi haraka, akasogeza gari, tulipoanza kutembea ukashuka.

Kufungua buti niweke mkoba wangu, nakuta dumu la lita 5, maji yamefika nusu. Kuuliza, mjomba akacheka: "Mwanangu, gari za pwani zinakunywa maji, hili ndilo joto la Mtwara." Dereva naye akadakia kwamba fundi wao alishatoa thamostati, kwa hiyo gari hiyo haiwezi kuchemsha hata iweje.

Fundi, moyo unasita. Lakini kwetu huku unajua mjomba ni nani. Huyu ndiye aliyenilipia ada mpaka nikamaliza kidato cha nne. Nikimletea fundi aikague nitakuwa nimemwita mwongo mbele ya watu. Mume wangu anasema niachane nayo, mama anasema nichukue nisimwaibishe kaka yake. Hivi hiyo gari ni nzima? Na nitaikagua vipi bila kuharibu undugu?

Mpwa mwenye mashaka, Newala

*

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa korosho.

Nianze na dumu, maana limenikaa kichwani kuliko mshale. Gari nzima hainywi maji. Mfumo wa kupoza injini umefungwa: maji yanazunguka kutoka kwenye injini kwenda kwenye rejeta na kurudi, yakipata moto yanatanuka na kiasi kidogo kinakimbilia kwenye lile kopo la plastiki la pembeni, injini ikipoa yananyonywa kurudi. Unaweza kumaliza miezi bila kuongeza hata kikombe. Dereva akizoea kutembea na dumu, kuna mahali maji yanatoka, na kesi yote ya gari hii iko hapo: yanatokea nje, chini ya gari, au yanapotelea ndani ya injini? Ya nje mara nyingi ni mpira, kifuniko au rejeta, na fundi anaimaliza siku hiyo hiyo. Ya ndani ndiyo itakayokula korosho za msimu ujao.

Na joto la Mtwara lisisingiziwe. Mchana wa jua kali hewa yetu ina nyuzi 30 na kidogo. Maji ndani ya injini yenye afya yako kwenye 85 mpaka 95. Hapo katikati rejeta safi ina nafasi ya kutosha ya kumwaga moto wake. Daladala zinashinda juani hapo mjini kutwa nzima na mishale yake imelala usingizi.

Mshale wako, kwa upande mwingine, umenipa matumaini kidogo. Ulipanda gari imesimama, ukashuka ilipotembea. Gari ikiwa mwendoni upepo wa barabara unaipoza rejeta bure, ikisimama kazi yote inabaki kwa feni. Kwa hiyo mtuhumiwa wa kwanza ni feni, na feni haiuzi shamba la mtu. Ila angalia kitu kimoja: kiyoyozi kilikuwa kimewashwa. Kwenye gari hizi kiyoyozi kikiwashwa feni inatakiwa izunguke hata kama maji bado ni baridi, kwa sababu kile kirejeta cha kiyoyozi kimekaa mbele ya rejeta ya maji na kinaipulizia hewa ambayo tayari ni moto. Kama feni ilikuwa inazunguka na mshale bado ukapanda, basi ama inazunguka kichovu, ama rejeta yenyewe imeziba. Nimeshakuta hata feni iliyofungwa upya nyaya zikageuzwa, ikawa inasukuma upepo kinyume. Hilo unaligundua na karatasi ya daftari: iweke mbele ya grili gari ikiwa imesimama na feni inazunguka. Karatasi inatakiwa ing'ang'anie pale kama imegandishwa. Ikipeperuka kuelekea kwako, au ikidondoka tu, umeshapata jibu.

Ingekuwa mshale unapanda ukiwa mwendoni, au mlimani, na kushuka ukipunguza mwendo, ningekwambia kingine kabisa. Pale upepo upo wa kutosha, tatizo ni maji yenyewe hayazunguki sawasawa: rejeta imejaa kutu ndani, wota pampu imechoka, au gasketi ya silinda hedi (ile karatasi ya kuziba kati ya bloku, yaani mwili wa injini, na hedi, kifuniko chake cha juu) inavujisha. Na wewe bado hujaipandisha mlima. Njia ya Naliendele na kurudi haina mlima mkali, hata gari mgonjwa inapita pale ikiimba. Halafu kuna mshale wa aina ya tatu, ambao umewatia hasara wengi: unapanda, halafu ghafla unaanguka mpaka chini huku gari inanuka moto. Dereva anashangilia kwamba imepoa. Kumbe maji yameisha, kihisi cha joto kimebaki kinaning'inia kwenye mvuke na hakina cha kupima.

Sasa thamostati. Hapa nitasema na mafundi wenzangu, wanisamehe. Thamostati ni mlango mdogo unaobaki umefungwa mpaka maji yafike nyuzi 82 hivi, ndipo unafunguka kuyaruhusu kwenda kwenye rejeta. Huku pwani kuna imani kwamba kifaa hicho ni cha nchi za baridi, kwa hiyo gari ikichemsha kinatolewa na kutupwa. Matokeo yake injini inafanya kazi ikiwa baridi kuliko inavyotakiwa, inakunywa mafuta, oili inachafuka mapema. Hilo lingevumilika. Baya zaidi ni kwamba kuitoa kunaficha ugonjwa. Gari yenye rejeta iliyoziba nusu, ukiitoa thamostati, kwenye tambarare mshale unakaa vizuri na mwenye gari analala. Siku ikipewa mzigo na mlima, ugonjwa unarudi na ndugu zake. Kwa hiyo maneno ya dereva kwamba thamostati imetolewa kwa hiyo gari "haiwezi kuchemsha" mimi nayasoma hivi: gari hii ilishawahi kuchemsha, na badala ya kutafutiwa sababu ikafungwa mdomo.

Ninayajua haya kwa kuumia. Miaka hiyo nikiwa na gereji yangu ya kwanza Lindi, mimi fundi mzima mwenye spana zangu, nilinunua Carina kwa dalali. Nilifika saa tatu nikaikuta inaunguruma, imeng'aa, nikaona ni ukarimu. Nikaizungusha mjini, nikalipa. Kufika Mingoyo ikaanza kukohoa. Nikafungua boneti, nikabana mpira wa juu wa rejeta kwa kitambaa, ulikuwa mgumu kama mpini wa jembe. Nilipoifungua hedi wiki ile nikakuta gasketi imeungua katikati ya silinda ya pili na ya tatu, na mtu amepaka gundi ya silikoni pembeni kama anaziba bati la nyumba. Nikalaza rula ya chuma juu ya hedi nikaingiza vile vibati vyembamba vya kupimia. Kiwango cha kupinda kinachoruhusiwa ni milimita 0.05. Cha kwangu, kibati cha 0.15 kilipita chini ya rula bila hata kugusa. Hedi hizi ni alumini na bloku ni chuma, alumini ikipata moto inatanuka karibu mara mbili ya chuma, ikizidishiwa joto inapinda na hairudi. RAV4 ya mjomba wako nayo imejengwa vivyo hivyo. Nililipia Carina ile mara mbili.

Tangu hapo siinunui wala simkagulii mtu gari iliyokwisha washwa. Ugonjwa wa joto unajificha injini ikiwa moto. Unajionyesha ikitoka baridi kwenda moto, na ikitoka moto kurudi baridi, ndiyo maana muuzaji mjanja atakupashia kabla hujafika. Simsemi mjomba, huenda kweli aliiwasha kwa heshima ya mgeni. Lakini wewe umeiona nusu tu ya gari.

Kwa hiyo ombi lako kwake liwe dogo: lala Mtwara siku mbili, na gari isiwashwe tangu jioni mpaka ufike asubuhi saa kumi na mbili na nusu. Chukua simu yenye tochi, kitambaa, kalamu ya wino mzito na boksi kavu la kutandika chini. Na fundi, nitakuja kwenye habari yake.

Ukifika, kabla ya salamu kuisha, weka mgongo wa kiganja juu ya boneti halafu juu ya injini yenyewe. Iwe baridi kama jiwe la kivulini. Kama ni vuguvugu, agana kwa heshima, rudi kesho.

Ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta. Nasema ikiwa baridi, na narudia, maana kifuniko kile kinazuia maji yenye shinikizo yaliyopita nyuzi 100 bila kuchemka, ukikifungua moto yanakurukia usoni. Mimi nina kovu shingoni. Maji yawe yamefika mdomoni kabisa. Rangi isikusumbue, kulanti, yaani dawa ya kupozea inayochanganywa na maji, iko ya pinki, ya kijani na nyingine, unachotafuta ni usafi. Ingiza kidole chini ya mdomo wa rejeta. Ukitoka na tope la rangi ya matofali, ni kutu ya miaka ya maji matupu. Ukihisi ukoko mweupe kama ule wa ndani ya birika, ni maji ya kisima cha pwani yenye chumvi, na njia ndogo za rejeta zimeshapungua upana. Ukikuta utando wa mafuta unaelea kama mchuzi wa kuku uliolala, funga kifuniko, zungumzeni mambo ya familia. Na ukikuta kulanti mpya inayong'aa ndani ya kopo chafu jeusi, jua imemwagwa jana kwa ajili yako.

Geuza kifuniko chenyewe uangalie mpira wake. Ukiwa umepasuka au spring imelegea, maji yatachemka mapema na kutorokea kwenye kopo, halafu kila mtu ataisingizia injini. Nimeona gari imeuzwa kwa bei ya kutupa kwa sababu ya kifuniko tu. Juu yake imeandikwa namba, 0.9 au 1.1, hilo ndilo shinikizo lake, na kisiwekwe chochote kinachoingia.

Oili utaiangalia kwa kile kijiti na kwa kifuniko cha kujazia. Ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Povu jepesi la njano chini ya kifuniko peke yake lisikutishe sana kwa gari ya safari fupi fupi, lakini kwenye kijiti halina msamaha.

Sasa sehemu ambayo usiiharakishe. Mwambie dereva awashe, kifuniko cha rejeta kikiwa bado wazi, wewe umesimama pembeni, uso mbali, unaangalia maji. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa, yaache yatoke. Baada ya dakika moja au mbili maji yatulie. Kama yanaendelea kutoa mapovu mfululizo kama soda iliyotikiswa, na dereva akikanyaga mafuta, maji yanaruka nje ya mdomo, ule ni moshi wa silinda unaopenya kuja kwenye maji. Gasketi imekwenda, au hedi imepasuka. Huhitaji kufika Naliendele.

Yakitulia, jazeni maji mpaka mdomoni, funga kifuniko, chora mstari kwa kalamu kwenye kopo la plastiki pale maji yalipofika, na uanze kushika mipira. Upo wa juu na wa chini. Wa juu ubane kila baada ya dakika: kwa dakika za mwanzo ubaki mlaini, maana maji hayajapata moto wa kujaza shinikizo. Ukiwa mgumu ndani ya dakika mbili wakati injini bado ni baridi, shinikizo hilo halikutoka kwenye joto, limetoka kwenye silinda. Huo ni ushahidi ambao dereva hawezi kuuosha kwa sabuni. Wa chini, kwa gari yenye thamostati nzima, unabaki baridi muda mrefu halafu unapata moto mshale ukishafika mahali pake. Kwa hiyo ya mjomba utapata moto taratibu tangu mwanzo, tunajua sababu.

Iache iungurume palepale bila kusogea. Utasubiri dakika 20 hivi, chai inaruhusiwa. Mshale ufike karibu na katikati ukae, feni iwake, izime, iwake tena. Nataka uione ikizunguka mara mbili kwa hiari yake. Ikiwa inazunguka bila kupumzika tangu ufunguo ulipozungushwa, wameifunga dairekti, yaani swichi ya joto imekufa wakairuka. Tafuta pia kijiswichi cha ziada chini ya usukani, mafundi wetu wanapenda kukificha pale. Halafu washa kiyoyozi, fanya ule mtihani wa karatasi, na rudia lile lililotokea sokoni mpaka ujue feni inafanya nini mshale unapopanda. Mshale ukikaribia wekundu zimeni, msishindane nao.

Jambo moja ambalo Mtwara nzima hakuna anayelitumia: hita. Iwashe iwe ya moto kabisa mshale ukiwa katikati. Hita ni rejeta ndogo ndani ya dashibodi. Ikitoa hewa ya moto, maji yanazunguka. Ikitoa hewa ya baridi wakati injini ni moto, ama maji yamepungua, ama hewa imenasa, ama pampu haisukumi. Kuna uwezekano utakuta mipira yake imekatwa na kuunganishwa yenyewe kwa yenyewe, tabia nyingine ya huku kwetu, na hapo mtihani unaishia.

Ikipita hayo, nendeni Mikindani. Shukeni mpaka chini kabisa usawa wa maji, chini ya Boma la Wajerumani, halafu geuzeni mpande vilima na watu wanne ndani na kiyoyozi kimewashwa. Bado si Newala, lakini ni mlima wa kwanza gari hii itakayouona mbele ya macho yako. Wewe gari utaipandisha na marobota hadi juu ya uwanda wa Makonde, na ukitokea upande wa Masasi mpando ni wa kweli, mtu aliyesimama ukingoni pale Shimo la Mungu, lile genge la Newala, hahitaji kuelezwa. Rejeta ya wasiwasi haikufai.

Mkirudi, muache iungurume dakika tano, zima, tandika boksi chini yake. Maji ya kiyoyozi yatadondoka, hayo ni masafi hayana rangi wala harufu, yasikutishe. Ya rangi, au yenye utelezi na harufu tamu, ni ya rejeta. Usisahau upande wa mikanda: wota pampu ya injini hii inazungushwa na mkanda wa taimingi, ikianza kuvuja maji yanateremka pale na kuacha njia ya ukoko. Muulize pia mkanda huo ulibadilishwa lini, maana muda wake ni kama kilomita 100,000, na ukibadilishwa pampu nayo hubadilishwa humo humo. Hata hivyo huo si ugomvi, ni gharama ya kujadiliwa.

Jioni au, vizuri zaidi, asubuhi ya pili, ndiyo hukumu. Siku ya kwanza mlijaza maji mpaka mdomoni na wewe ulichora mstari kwa kalamu kwenye kopo. Siku ya pili gari ikiwa baridi, kwanza bana mpira wa juu: ukiwa bado mgumu baada ya kulala usiku kucha, kuna moshi uliofungiwa ndani. Kisha fungua uangalie. Kama maji yamepungua na boksi lilibaki kavu na hakuna mpira ulioloa, yamepita ndani. Angalia na eksozi wakati wa kuwasha, kama inatoa mvuke mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto, basi hamna mjadala.

Fundi atakuja na vitu viwili usivyoweza kuvifanya kwa mkono: pampu ya kujaza shinikizo kwenye rejeta ili kuona panapovuja, na kile kimiminika cha bluu kinachowekwa juu ya mdomo wa rejeta, ambacho kikigusa moshi wa silinda kinageuka njano. Awe fundi wako, asiwe yule aliyetoa thamostati. Vile vimashine vya kuchomeka chini ya usukani usivitegemee, gari za Kijapani za miaka ya tisini mara nyingi havisomani nazo.

Tuje kwa mjomba. Mimi mtoto wa huku, najua kwamba kwa Wamakonde na Wamwera ukoo unapita kwa mama na mjomba ndiye nguzo, hukagui vitu vyake kama dukani kwa Mhindi. Lakini umeangalia nani hasa anaijua hii gari? Mjomba anakaa kiti cha nyuma. Anayejaza dumu ni dereva, anayesema "imepona" ni fundi wa dereva. Inawezekana kabisa mzee anarudia alichoambiwa. Kwa hiyo usimuulize dereva kama gari inachemsha, atasema hapana. Muulize, mkiwa peke yenu, dumu hili unalijaza mara ngapi kwa wiki. Swali hilo halina aibu na watu hulijibu kabla hawajafikiri.

Kwa mzee mtangulize mama yako. Yeye ni dada yake, anaweza kusema yasiyosemeka na wewe. Wewe ukifika sema hivi: "Mjomba, gari nimeipenda. Naenda nayo milimani na mzigo wa watu, na mume wangu hataki kuja kusikia nimelala njiani na watoto. Naomba asubuhi mbili za kuizoea na fundi aniandikie cha kubadilisha kabla ya safari ya kwanza." Hujamwita mwongo. Umeomba ruhusa ya kuitunza mali yake. Mzee aliyekulipia ada hatakunyima asubuhi mbili, na akikunyima, hilo nalo ulibebe moyoni kama jibu.

Kuhusu hela: ikionekana ni feni, rejeta, mpira, kifuniko, fundi aandike gharama, pamoja na thamostati mpya ambayo ni sharti irudi, na zikatwe kwenye milioni 8 au mjomba azitengeneze kwanza. Kwa bei hiyo bado umepata gari. Ikionekana ni mapovu, mpira mgumu asubuhi, au kimiminika kimegeuka njano, usichukue hata kwa 5. Ukikubali kufungua hedi kwa matumaini, utaanza na kupleni, yaani kuinyoosha hedi kwa mashine, utaishia kutafuta injini ya mtumba Dar, na kila noti utakayotoa utamkumbuka mjomba vibaya. Mwambie tu, "Mjomba, ukimaliza kuitengeneza nitanunua," na mwache yeye ajue cha kuzungumza na dereva wake. Vyovyote iwavyo andikishianeni mbele ya shahidi na kadi ihamishiwe jina lako TRA, undugu haubadilishi jina kwenye kadi.

Siku hizo mbili dumu litoke kwenye buti libaki kwa mke wa mjomba. Halafu niandikie, kabla ya habari nyingine yoyote, mstari wa kalamu kwenye kopo ulikuwa wapi asubuhi ya pili.